Uchovu wa Robota

Redio ya Masika muuza kahawa ilipotangaza kwamba watu wazima wengi wanaishi na uchovu, Thabit muuza vitambaa wa Mtendeni, ambaye kijiweni huitwa Robota, alijiona kafunguliwa mlango wa jela. Kesho ilikuwa zamu ya mtaa wao kupalilia shamba la ujamaa, na Robota na jembe hawajawahi kupatana.

"Mmesikia?" akasema, akijishika kiuno. "Usingizi haba, mawazo, damu pungufu. Yote ninayo. Kesho msinihesabu."

"Toka hapa." Shomari, maarufu kwa jina la Pembe, alikuwa akipanga kete za bao. "Babu yangu Mnyamwezi katoka huku bara mpaka Bagamoyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Aliyechoka ni tembo."

"Na babu yangu je?"

"Wako ndiye mwenye msafara, alikuwa nyuma juu ya punda. Kwenu uchovu mnarithishana."

Kijiwe kikacheka. Robota hakujali, mtani hakasirikiwi. Macho yake yalikuwa kwa Lukumani, balozi wa nyumba kumi, aliyekuja na jembe begani makusudi ili watu wakumbuke kesho.

"Mgonjwa halimi," balozi akasema taratibu. "Umesamehewa."

Robota nusura ambusu mkono. Akanyoosha kikombe aongezewe.

"Ila redio imesema usingizi haba, na kahawa ndiyo inayoufukuza. Masika, usimmiminie tena. Na bao ndilo linaloleta mawazo. Pembe, mwondolee kete. Aende nyumbani akalale mpaka apone."

"Nitapona lini?"

"Nitaona mimi."

Masika akampokonya kikombe. Harufu ya tangawizi ikampita Robota puani ikaenda kwa wenye afya. Akamwaza mkewe Saleha, ambaye tangu mvua zianze anamtafuta apande juu ya paa linalovuja. 

"Nimepona," akasema, akasimama wima. "Nitalima. Ila nipeni jembe jepesi."

"Mchagua jembe si mkulima," Pembe akamkumbusha.

"Shika langu," balozi akasema. Akamkabidhi jembe, akaketi pale pale alipoinuka Robota, akanyoosha miguu. "Na kesho uwasimamie wenzako. Mimi tangu habari ile isomwe viungo vyote vimelegea. Masika, nimiminie kahawa."

Masika akalifunika birika.

"Mgonjwa mwingine huyu," akasema. "Pembe, ondoa kete."