Mbuzi Kumi kwa Mizani Nane

Malenga, jina alilojipa mwenyewe, alimsikia mwenye bucha akimwambia dada yake, muuza vyombo wa mlango wa pili: "Nikipata kiwanja chenye maji karibu, nahama kesho." Akaona bahati imemjia. Mchapaji mmoja, mwenye harusi Jumamosi, alikuwa amekubali kuchapa diwani yake kwa malipo ya mbuzi kumi. Diwani hiyo ilikuwa na msomaji mmoja tu, naye ndiye mtunzi.

Akaandika pale pale kaunta:

*Nauza ua na mto,*
*Malipo ni mbuzi kumi.*

"Mto wenyewe uko mbali?" aliuliza mwenye bucha.

"Mbali wapi, mama! Ukilala tu, uko sikioni."

"Basi niongeze 'wanono' hapo kwenye mbuzi?"

"Usithubutu! Mstari una mizani nane. Ukiongeza neno, umeliua shairi."

Mwenye bucha aliitazama mizani yake ya nyama, akatia sahihi. Dada akashuhudia.

Kesho yake Malenga alirudi amekumbatia mto wa sufi, na juu yake ua moja jekundu. Akafafanua kwa upole wa mwalimu: ua ni la kunusa, mto ni wa kulalia, na hakuna aliyedanganywa.

Mwenye bucha alilinusa ua, akaubonyeza mto. Hakupiga kelele. Hapo ndipo mjanja mwenye akili angetimua mbio.

"Neno ni neno," alisema. "Dada! Niletee mbuzi kumi!"

Dada alizileta akazipanga mstari mmoja: mbuzi kumi za kukunia nazi, mpya, meno yanang'aa.

"Hizi si mbuzi!"

"Ni paka? Mwanangu, ungeniachia lile 'wanono' langu, leo ningekuwa nimekwisha. Mbuzi ya nazi hainenepi."

Jumamosi wageni wa mchapaji walikuwa wameketi, masufuria yakichemsha maji matupu. Malenga akaingia na mzigo wake, akaanza kueleza utajiri wa lugha yetu. Mchapaji alizitazama zile mbuzi, akakunja mikono ya shati.

"Niliahidi kuchapa, nami nitachapa."

Akachapa. Ilitoka nakala moja tu, bila jalada.

Mnauliza nimejuaje yote haya? Nakala yenyewe ninayo mimi, hapa mgongoni. Isomeni taratibu, bado inauma.