Sanda ya Ampli

Mbaraka hakuwa fundi. Alikuwa na bisibisi, na hapa Kindu hiyo ilimtosha.

Alasiri moja alimkuta Okito, mfanyabiashara wa mtaa wa Mikelenge, akiizunguka Peugeot yake huku akipangusa jasho. Mbaraka akashuka upesi kwenye baiskeli yake mpya. Mtu mwenye gari na machozi alikuwa riziki yake.

"Fundi, nitafanya je? Kaseti inazunguka, bafle ziko kimya! Bendera itashuka jioni, na wimbo wake utatoka katika gari yangu. Nimeahidi chama! Wimbo ukikosekana, wataniuliza sababu, na wewe unajua vile wanauliza."

Mbaraka alijua. Akainama nyuma ya viti. Taa ya ampli, kile chombo cha kukuza sauti, ilikuwa inawaka vizuri. Waya mdogo tu, ule unaoleta sauti kutoka kwenye kaseti, ulikuwa umechomoka. Kazi ya kusukuma kwa kidole.

"Ampli imekufa, sitwaye," akatangaza, akimwita raia kama chama kilivyoagiza. Alipokuwa akiuficha ule waya, kidole kikagusa tundu lake, na zile spika za bafle zikanguruma: mmmmm!

"Imekufa na inalia?" akauliza Hadidja, mke wa Okito.

"Njo roho inatoka, mama." Mbaraka akavua kofia. "Ndugu yangu ng'ambo ya mto iko na dawa. Nitarudi mbele ya bendera kushuka. Baiskeli yangu ibaki hapa, musinione mwizi."

Kuiacha baiskeli kulimuuma, lakini ampli ile ilitoka Ulaya; ikiuzwa, ingenunua baiskeli tatu. Okito alitaka kumbusu mikono.

"Kwangu maiti haitoki bila sanda," akasema Hadidja. "Fundi anywe chai. Nitaivika mwenyewe."

Mbaraka akanywa chai kwa huzuni kubwa. Akaletewa mzigo mzito, mweupe, umeshonwa pande zote. Akaupokea kwa mikono miwili, akauombea rehema, akashika njia ya mtoni.

Mtumbwi ulipofika ng'ambo, akakata uzi. Tofali!

Kabla hajapata tusi la kutosha, wimbo wa bendera ukavuka maji, mkubwa, safi. Bandarini wote wakaganda: wauza samaki, wapiga kasia, askari jandarma aliyekuwa ubavuni mwake. Zamani zile, bendera ikishuka, anayetikisika alikwenda kujieleza. Mbaraka akasimama wima, tofali kifuani.

Upande wa pili, Okito alilia kwa furaha kando ya gari. "Ulijuaje, mama?" akauliza bila kugeuza kichwa.

"Nimeosha maiti wengi. Hakuna aliyenguruma akiguswa. Nikagusa tena, ikanguruma, nikatafuta waya usio na kwao, nikaurudisha tunduni."

Wimbo ukaisha. Ng'ambo, Mbaraka akanyanyua mguu kuelekea mtumbwini, akiiwaza baiskeli yake.

"Mama, bendera imeshashuka," Okito akanong'ona.

"Nimeona," akasema Hadidja, akairudisha kaseti mwanzo.

Wimbo ukaanza upya, na mkubwa wa chama mwenyewe, pale chini ya bendera, akabaki wima. Nani angethubutu kuwa wa kwanza kutikisika? Ng'ambo, jandarma akautazama mguu wa Mbaraka ulioko hewani, na Mbaraka akaurudisha chini taratibu.