Tumemwombea Thomas Apone

Wapenzi, leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima, tena maikrofoni ikiwa wazi.

Mnamjua Madam wangu, yule nyanya Mwingereza ninayemfanyia kazi hapa Dubai. (Kwa wasiomjua: roho safi, ila chai yake ni kama maji ya kusuuzia vikombe.) Wiki yote hii nikipiga pasi namsikia akisononeka mbele ya kompyuta. "Maskini Thomas! Homa." Anafungua ukurasa mwingine. "Na Agnes naye, kifua! Na watoto bado wadogo!" Jana akatoa leso, akajifuta macho.

Ningenyamazaje? Nikampigia Pasta. "Watu wa Madam wanaugua mfululizo!"

"Dada Mercy, mlete kesho. Tunaingia vitani."

Madam kualikwa, akafurahi, akavaa kofia.

Jamani, tuliomba! Walinzi waliotoka zamu Jebel Ali, macho mekundu kwa usingizi, walinguruma kama jenereta. Kaka mmoja Mganda alivua viatu kabisa.

"Homa, mtoke Thomas!"

"Tokaaa!"

"Kifua cha Agnes, funguka!"

"Fungukaaa!"

Pasta akafumba macho. "Namwona Thomas! Ameketi kitandani! Anaitisha uji!"

Kanisa likalipuka. Mimi nilikuwa naruka. (Na viatu vyenyewe vya kuazima.) Madam, ambaye Kiswahili hakijui, alipiga makofi kwa furaha. Ndipo Pasta akamgeukia kwa Kiingereza.

"Madam, Thomas anaamka leo hii!"

"Thomas yupi?"

"Thomas wako! Mwenye homa!"

Madam akanitazama. Nikatazama dari. Akanong'ona, lakini Pasta alishamsogezea maikrofoni: "Thomas alizikwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa."

Kumbe Madam anaandika historia ya kamji kao huko Uingereza! Thomas na Agnes amewasoma katika vitabu vya zamani vya kanisa la huko, vya waliobatizwa na waliozikwa na maradhi yaliyowaua, ambavyo siku hizi vimewekwa kwenye kompyuta. Siku zote hizo alikuwa akiwalilia marehemu, nami nimewatafutia uponyaji!

Nilitafuta mlango wa kutokea, nikaukuta uko nyuma ya Pasta.

Kisha yule Mganda akauliza, polepole, "Sasa huo uji tunaupeleka wapi?"

Basi! Watu walianguka vitini. Pasta alicheka akiwa ameng'ang'ania mimbari. Madam, alipotafsiriwa habari za uji, ndiye aliyecheka kutushinda wote, kofia ikadondoka. Alipopata pumzi akasema, "Hakuna aliyewataja watu hawa kanisani miaka na miaka. Wako wengine. Naweza kuwataja?"

Akawataja kwa kichwa, mmoja mmoja, na kila jina tukaliitikia kwa pambio na vigelegele. Sijawahi kuona mazishi matamu hivyo.

Mlangoni Pasta akanishika mkono. "Dada Mercy, ukileta tena ombi la mgonjwa, uliza kwanza kama anapumua."