Siku Wenyeji wa Galle Walipotangazwa Hawapo

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Mwonekano Halisi wa Ngome ya Galle iliutangazia umma kwamba Jumamosi Mheshimiwa Waziri Pallewela angeuzuru mji wetu wa bandari ukiwa katika uhalisia wake. Uhalisia, tuliamua baada ya vikao vingi na chai nyingi zaidi, maana yake ni mji usio na watu. Waholanzi waliojenga ngome nao walikuwa watu, hilo tulilijadili, lakini wao walikwisha kufa na hawaaniki nguo madirishani.

Mimi, Dahanayake, katibu wa kamati, nilipita mlango kwa mlango nikiwasomea wenyeji amri ya wizara: asubuhi hiyo wafunge nyumba, wakasubiri nje ya lango kuu. Walininunia, wakaenda. Kikwazo kilikuwa Mama Nafeela, mjane wa mtaa wa nyuma ya mnara wa taa, aliyekuwa akimwoza bintiye siku hiyohiyo. Aliniuliza kama masufuria ya biriani ayabebe kichwani. Nikampa nafuu ya kiutawala: abaki ndani, ila kiofisi ahesabike hayupo.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Sipo."

Ziara ilianza vizuri mno. Waziri alitembea katika mitaa mitupu, akausifu utulivu, akawaambia waandishi wa habari kwamba hivi ndivyo historia inavyopaswa kunyamaza. Kisha akanyamaza yeye. Njia nzima kutoka Colombo alikuwa akipokewa kwa madafu, na hakukataa hata moja. Akaninong'oneza shida yake. Choo cha umma tulikuwa tumekifunga kwa kukosa hadhi ya kihistoria, na kule ukutani, upande wa bahari, kulijaa kamera.

Nikagonga nyumba baada ya nyumba. Mwishowe harufu ya biriani ikatufikisha kwa Mama Nafeela.

"Mama, fungua. Ni Dahanayake wa kamati."

"Hakuna mtu."

"Mama, nakusikia."

"Si ulinisomea amri mwenyewe? Nikifungua, nitakuwa nipo."

Waziri alinisukuma kando, mapaja kayabana, akaitaja wizara yake na cheo chake chote. Sauti ya ndani ikamjibu kwa upole kwamba amri yenyewe ilitoka wizara hiyohiyo. Akasema basi ameifuta.

"Sema kwa nguvu, baba. Majirani wako mbali, huko langoni."

Ndipo Mheshimiwa, mbele ya waandishi waliokwisha kutufikia, akapaza sauti: "Wenyeji wapo! Nasema wapo, warudi wote!"

Mlango ukafunguka. "Uani, kushoto," alisema Mama Nafeela. "Vua viatu."

Waziri alipotoka, mtaa ulikuwa umefurika majirani na jamaa wa bwana harusi, na gari lake halikuweza kusogea. Mama Nafeela akampa sahani ya biriani na kumkalisha kizingitini, maana viti vilikuwa vya walioalikwa.

Katika taarifa yangu nimeandika kwamba Mheshimiwa alikutana na wananchi. Kila aliyeingia alimwambia asogee kidogo, naye akasogea.