Mtoto wa Uhuru na Suti ya Kijivu

Jumatano, 28 Novemba 2001

Bahati yangu haina mwenzake. Nilizaliwa usiku uleule bendera ya mkoloni iliposhuka na yetu ikapanda. Nimewaambia watu hivyo tangu nilipofungua meza yangu ya mitumba hapa soko la Lukole, na leo imelipa! Mtendaji wa kata katangaza: miaka arobaini ya Uhuru itaadhimishwa kwa mavazi ya enzi zile. Aliyezaliwa usiku ule ataongoza gwaride akiwa amevaa vya 1961. Zawadi, cherehani. Mimi huyo! Nani mwingine?

Cherehani ya nini kwangu? Nimemwahidi Consolatha, mkimbizi kutoka Muyinga, Burundi, anayeshona kwa mkono kando ya meza yangu hadi vidole vimekuwa chekeche. Alinitazama sana. Akasema yewe Luqmani, usinichezee. Nikaapa. Na nimefunga Ramadhani!

Ijumaa, 30 Novemba

Nimejaribu vazi. Suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, shati lenye kola kama masikio ya tembo. Matiasi, muuza mitumba wa meza ya pili, mtu wa wivu, akasema hayo ni ya miaka ya sabini. Tena akasema kama kweli ulizaliwa usiku ule, vazi lako la 1961 ni uchi, basi uje uchi. Soko zima likacheka. Nikacheka na mimi, kwa dharau.

Nimetuma salamu kwa Mama, Biharamulo. Anipe ile picha waliyopiga yeye na marehemu Baba mchana wa siku ya Uhuru. Tutanakili suti ya Baba.

Jumanne, 4 Desemba

Picha imefika na dereva wa lori. Mambo! Baba ndani ya suti pana, nywele zimechongwa njia pembeni. Mama na kanga mpya ya Uhuru. Mbele yao mtoto wa miaka mitatu hivi, kasimama na kibendera, kanuna.

Matiasi akauliza mtoto ni nani. Nikamwambia kaka yangu mkubwa, Abbasi. Siku hizi ni rubani. Akauliza na wewe uko wapi? Nimelala ndani, mchanga wa saa chache. Akashangaa: mama kajifungua usiku, mchana kasimama wima hivi? Nikamjibu wanawake wa kwetu ni chuma.

Consolatha hakucheka. Alikuwa na kitambaa cha kijivu alichovuka nacho mpaka, akimwekea mwanawe kwa ajili ya harusi. Akakikata palepale, anishonee suti kama ya Baba. Mkasi ulipolia nikageuka kupanga mashati yaliyokwisha kupangwa.

Jumamosi, 8 Desemba

Suti imekwisha! Nimepita nayo sokoni kwenda na kurudi. Kinyozi kanichonga njia kama ya Baba. Vidole vya Consolatha vimefungwa vitambaa. Anasema akipata cherehani atashona sare za shule. Nikamwambia aanze kutafuta mafuta ya kuilainisha.

Jumapili, 9 Desemba

Uwanja umejaa. Mimi mbele, kifua nje, picha mkononi. Mtendaji anataka kuniita. Lori likasimama, akashuka nani? Mama! Kaja kumwona mwanawe akiongoza gwaride. Matiasi, adui wa maendeleo, akamkimbilia kwa adabu zote. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu. Yule Abbasi rubani hajambo?

Mama akauliza Abbasi yupi. Mzaliwa wangu wa kwanza ni huyuhuyu! Akaninyang'anya picha, akaiinua watu waone. Si huyu hapa na kibendera? Mpiga picha alipoijaribu taa yake kwanza, akajikojolea. Tazameni vizuri, kaptura imelowa.

Mtendaji alitazama vizuri. Wote walitazama vizuri.

Cherehani kapewa Marsiana wa Ntobeye, aliyekuja na cheti chake cha ubatizo chenye tarehe ya usiku ule na gauni la mama yake. Akaondoka nayo kichwani.

Consolatha hakunitukana. Alisema neno moja tu: vua.

Nimerudi nyumbani nimejifunga kanga ya Mama. Mama akawa ananisemesha njia nzima kuhusu uongo na mwezi mtukufu.

Jumatatu, 10 Desemba

Nimempelekea Consolatha mkasi wangu wa kazi na ile bugaluu. Mkasi kapokea. Bugaluu kaikataa. Suti anampunguzia mwanawe, ataoa akiwa amefanana na Baba yangu. Nikakaa chini nikawa namtungia uzi kwenye sindano hadi saa ya kufuturu. Hakunifukuza.

Hapo wazo likanijia. Mwaka 2004 Muungano unatimiza miaka arobaini! Lazima watamtafuta aliyezaliwa siku ile. Mwili wangu mdogo, miaka inapungua bila shida. Picha hakuna, Mama nitamwambia abaki Biharamulo. Nimemwambia Consolatha asitupe vipande vya kijivu vilivyobaki. Safari hii cherehani ni yake, nimeapa.

Sikuzaliwa usiku wa Uhuru. Usiku ule nilikuwa na miaka mitatu, na kesho yake nikajikojolea.