Koti Liliungua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wiki imeanza vibaya. Ijumaa koti la Mwalimu Mkuu liliungua mgongoni. Alama ya pasi nzima nzima, ncha ikielekea kwenye kola. Koti la kustaafia! Mimi nilikuwa mlangoni nabishana na fundi viatu kuhusu penalti. Mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Mwalimu alipokuja kulichukua akauliza nani aliyepiga pasi. Kinywa changu kikasema dada. Kilisema chenyewe, mbele ya wateja watano! Dada alikuwa ametoka kununua uzi. Aliporudi alimkuta Mwalimu mlangoni, akatukanwa mpaka mtaa wa pili ukasikia. Sasa kila mtu anasema dada siku hizi anasinzia kazini.

Karakana ni ya dada. Ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano, nikiwa sijaota hata meno ya mbele. Leo ameniondoa kwenye cherehani ya dirishani, ameniweka pembeni nishone foronya. Dirishani amemkalisha Kimya, fundi mpya asiyetoa maneno kumi kwa siku. Nimepewa mpaka Jumamosi jioni kuomba msamaha unaoeleweka. La sivyo Kimya anabaki pale, mimi nikatafute kazi kwingine.

Hilo bado si baya. Baya ni kwamba ameniita fundi. Tangu nizaliwe ananiita mdogo wangu. Fundi!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelimaliza jambo asubuhi na mapema. Nimemwendea, nimempa pole. Sauti ya chini, mikono nyuma. Dada akauliza pole ya nini, yeye haumwi wala hakufiwa. Nikasema basi, kama kuna mtu amekwazika, samahani. Akauliza mtu huyo ni nani. Nikasema ni mfano tu.

Akaendelea kukata suruali. Akasema hataki hotuba, anataka sentensi moja inayoanza na "ni".

Nikafikiri foronya nne nzima. Nikarudi nikasema nimesikitika kwamba koti liliungua. Inaanza na "ni"! Dada akatoa pini mdomoni taratibu, akaniambia nirudi kwenye foronya, fundi.

Kuna watu hawaridhiki, hata uwape nini. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na tazama: hata wahenga hawakuuliza nani aliyemwaga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mambo ya ndugu husuluhishwa na wakubwa. Nimemtuma mjomba. Nilimweleza kwamba yalitokea maneno kidogo, aende anisemee. Akavaa kofia yake ya shughuli, akaenda na heshima zote.

Dada akampa kiti. Akamuuliza mpwa wake amekosa nini hasa. Mjomba hakujua! Akanitazama mimi, mimi nikatazama foronya. Dada akaona pindo la suruali ya mjomba limefumuka, akalishona papo hapo, akampa chai. Mjomba ametoka mle akiwa upande wa dada. Ameniambia nimemtuma kisimani bila ndoo wala kamba.

Jumamosi inakuja mbio.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimeona dhuluma kwa macho yangu. Kimya amevunja sindano ya cherehani. Cherehani YANGU. Nikajiambia haya, sasa tutaona. Akainuka, akamwendea dada, akasema amevunja sindano, ni yeye, alikuwa anaharakisha, amsamehe. Basi. Dada akamwambia achukue nyingine kwenye kopo.

Sekunde tano! Hakuna mjomba, hakuna kofia! Mimi nahangaika siku ya nne, na huyu anasamehewa kama anayeomba chumvi.

Nimegundua tatizo langu. Sina machozi. Dada hajaona machozi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kitunguu kilifanya kazi kupita kiasi. Nilikifunga kwenye leso, nikajipaka nje ya mlango, nikaingia nikiwa nabubujika. Sikuona kitu. Nikapiga magoti, nikashika pindo la gauni la dada, nikalia kwamba yaliyotokea yametokea na moyo umeumia. Dada hakujibu. Nikaendelea. Nikamtaja marehemu mama. Dada hakutikisika.

Nilipofuta macho nikaona nimeshika pindo la gauni la mteja, na gauni limevalishwa sanamu ya kupimia nguo. Dada alikuwa nyuma yangu. Akaniomba nisiliachie harufu ya kitunguu, linachukuliwa leo. Fundi viatu amecheka mpaka gundi imemkaukia mkononi. Kimya hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyumbani mke wangu ameuliza kitunguu chake kimekwenda wapi. Nimesema kimepotea.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya mwisho. Mbinu ya mwisho. Nikipata karatasi ya Mwalimu Mkuu kwamba yeye ameshasamehe, dada atanuna kwa lipi? Nimemwandikia barua, nimempelekea nyumbani atie sahihi tu. "Koti liliungua. Maneno yalitamkika. Mioyo ikaumia. Sasa yamepita."

Nilisahau kwamba Mwalimu amefundisha Kiswahili miaka thelathini. Akavaa miwani. Akatoa kalamu nyekundu! Akasema sentensi nne, mtenda hata mmoja hakuna. Akapigia mstari "liliungua", akauliza liliunguzwa na nani. Nikasema pasi. Akauliza pasi ilishikwa na nani. Nikatazama dari.

Akanipa karatasi mpya. Mtu mzima mimi, mwenye mke, naandika kwenye meza ya chakula huku nimesimamiwa mgongoni! Mara ya kwanza niliandika "tuliunguza". Akauliza mimi na nani. Mara ya pili niliandika jina la mtaa na tarehe, nikakwama hapo.

Mara ya tatu niliandika: "Niliunguza koti mimi. Dada hakuwapo. Nilimsingizia kwa sababu niliogopa."

Mwalimu akakaa. Akasema siku ya kuagwa alihutubia ameegemea ukuta, akatoka ukumbini kinyumenyume. Lakini hilo amelicheka mwenyewe. Linalomkosesha raha ni kwamba alimtukana mtu asiye na kosa, kwa hiyo na yeye ana lake la kuomba. Akanipa tisa kati ya kumi. Moja kaikata kwa mwandiko.

Tukaenda wote. Nikasoma kwa sauti mbele ya dada, Kimya, fundi viatu na wateja wawili. Nilidhani ardhi itanimeza. Nilipofika kwenye "niliogopa" sauti ikakwama, na leo sikuwa na kitunguu. Dada akaanza kutafuta chaki mezani. Chaki ilikuwa mkononi mwake. Mwalimu naye akaomba lake, fupi, "ni" mbili, akasema atapita kila duka alilopita kusema vibaya, aseme vingine.

Dada akaniambia nirudi dirishani. Akaniita mdogo wangu.

Nimefurahi hadi nimeona aibu. Kimya amehamisha pini zake bila neno.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimelala fofofo. Barua nimeihifadhi ndani ya shajara hii. Mke wangu anasema kumbe haikuwa kazi ngumu, ningesema Jumatatu. Hajui kitu. Huu ni ufundi. Karatasi moja, na mlango umefunguka! Nimewaza watu wangapi hapa mtaani wangeihitaji.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mkasi wa dada umeanguka. Ule mkubwa aliouachiwa na mama, ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Ulikuwa unatumika kufungulia kopo la gundi la fundi viatu, ukateleza. Ncha imepinda. Dada yuko sokoni, anafuata vifungo.

Kimya alikuwa amesimama karibu na meza. Hilo ni kweli tupu, na nikiulizwa nitalisema.

Ila sina wasiwasi, barua ninayo. Nimekata "koti", nimeandika "mkasi". "Niliunguza" haikukaa vizuri na mkasi, nimeweka "umeanguka". "Mimi" nimeifuta, ilikuwa inabana nafasi. Tisa kati ya kumi ya Mwalimu imebaki palepale juu, kwa wino mwekundu. Nani atabisha?