Mshahara Wangu wa Mwisho Uliokwenda Rambirambi

Kwa Mama Konadu,
Mwenye Mgahawa wa Fufu,
Asafo, Kumasi.

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo, na pole tena kwa msiba wa mjomba wako. Ni mimi Kwadwo Amponsem, mtwanga fufu wako wa zamani, niliyekutwangia mihogo na ndizi kinuni nikaacha kazi kwa amani uliponunua mashine. Siku naondoka ulisema, "Kwadwo, mshahara wako wa mwisho upo, usiwe na wasiwasi." Nami sikuwa nao. Wasiwasi ulinianza Jumamosi kule mazishini, kipaza sauti kiliponguruma: "Kwadwo Amponsem, mtwanga fufu, ametoa rambirambi cedi elfu moja!" Watu wote wakageuka. Na mimi nikageuka, nimwone huyo tajiri.

Mama, ule ulikuwa mshahara wangu! Niliutegemea kwa kodi, maana mwenye nyumba ameshaanza kuwaonyesha watu chumba changu, mimi nikiwa ndani na taulo. Nilipokufuata ukanijibu, "Shukuru Mungu, nimekupa jina." Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Jina haliliwi. Nimejaribu. Nilimwendea muuza kenkey, yale madonge ya mahindi, nikamwambia mimi ndiye yule wa elfu moja, anikopeshe. Akasema, "Kumbe unazo!" akanidai na madeni ya zamani.

2. Ndugu. Sikujua nina ndugu wengi hivi. Binamu yangu ametoka Techiman na viazi vikuu vitatu na watoto wanne, eti amesikia mambo yangu yamenyooka. Viazi vikuu vimekwisha. Watoto wapo.

3. Kanisani nimefanywa mlezi wa sikukuu ya mavuno. Sasa naketi mbele, kwenye kiti chenye mto, na tumbo linanguruma hadi kwaya inanitazama.

4. (Hili lilipaswa kuwa la kwanza, hasira imenichanganya.) Mwenye nyumba naye alikuwepo mazishini. Amepandisha kodi. Anasema mtu anayemzika mjomba wa mwenzake kwa elfu moja hawezi kulala chumba cha bei ile, ni kumdhalilisha.

5. Ulinikumbusha desturi yetu: leo natoa kwako, kesho nikifiwa mtakuja nyote na kunirudishia. Desturi naiheshimu. Wahenga walisema kufa kufaana, ila kwetu hakuna anayetaka kuwafaa wenzake. Nilikwenda kwa mjomba wangu Badu, mzee wa miaka tisini na ushei, nikavua ndara, nikamweleza hali yangu kwa adabu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mpwa wangu, nimekuelewa. Tangulia wewe, mimi nitakaa hapa nipokee rambirambi." Kisha akaomba aongezwe supu.

Kwa sababu hizo, Mama, naomba uchague moja:

Ama unipe mshahara wangu mkononi, kimya kimya, bila kipaza sauti.

Ama uwakusanye waombolezaji wote tena, na mahema yale yale, mtangazaji aseme, "Kwadwo Amponsem hakutoa kitu, tulimsingizia." Na marehemu aarifiwe pia, asije akanishukuru bure huko aliko.

Ama, kama yote hayo ni mazito, uniazime mjomba mmoja. Unao wengi. Nampendelea yule mrefu anayekohoa, watu hawatashangaa sana. Awe ndugu yangu kwa Jumamosi moja tu. Atalala kitandani afumbe macho, mimi nitalia, nitapokea changu, na Jumapili asubuhi nitamrudisha mzima, ameoga na amekunywa uji.

Ukinyamaza hadi Ijumaa, sitakwenda polisi, mimi si mtu wa fujo. Nitavaa nguo yangu ya msiba, nyekundu na nyeusi, nije mgahawani kwako saa ya chakula cha mchana, niufanyie mshahara wangu matanga kati ya meza na meza. Nitataja sifa zake. Nitaeleza jinsi ulivyonitoka ungali mchanga. Wateja waone wenyewe kama fufu inapita kooni mbele ya mfiwa.

Nisalimie wote jikoni: Dada Frema aliyekuwa akinigeuzia fufu kinuni, ambaye vidole vyake nilivitwanga mara moja tu, tena alikuwa ananichekesha; wateja wa meza ya dirishani; watoto; na mashine yenyewe, haina kosa, haikuomba kazi yangu.

Ni mimi niliyetoa bila kujua,
Kwadwo Amponsem

Tanbihi: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, amepita Banahene, fundi cherehani wa mtaa wa pili, yule anayewaambia watu kwamba mimi hata jeneza nitakopa. Nimemuuliza, "Ulinisikia Jumamosi?" Ananiambia hakusikia lolote, alikuwa nyuma ya hema anakula! Mama, hakusikia! Naambiwa arobaini ya marehemu inakaribia. Basi ile elfu moja iache huko huko, sidai tena. Ila nakupigia magoti, itangazwe upya, polepole, na kipaza sauti kielekezwe walikoketi mafundi cherehani. Humu ndani nimetia na cedi hamsini nilizoanza kuwekea kodi. Uziongeze. Elfu moja na hamsini inasikika mbali zaidi.